Homa Iliyobeba Jina la Bonde Letu

(Haya ni mafunzo yaliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya akina mama na wahudumu wa afya wa mtaa, hapa Bondeni, Nakuru. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

 Majirani zetu Waislamu wamekubali kuja kuketi nasi leo. Mbu hamuulizi mtu anasali wapi, kwa hiyo ni vizuri tukae pamoja.

Nimeombwa kuzungumza juu ya homa. Najua wengine mmeshasema moyoni, "Haya ni yale yale. Tulale ndani ya neti, tumwage maji yaliyotuama, tufunge mkutano twende nyumbani." Hayo ni kweli na tuzidi kuyafanya. Lakini leo sikuja na malaria. Nimekuja na homa nyingine ambayo imebeba jina la kwetu. Wazungu wa mifugo waliipa jina la Homa ya Bonde la Ufa, na sisi wa Bondeni tunaishi ndani ya bonde hilo hilo.

Mimi si daktari, wala si mtu wa maabara. Nilisomea diploma ya kazi ya jamii, na kazi yangu ni kutembea nyumba kwa nyumba. Lakini katika kutembea huko nimejifunza kwamba ugonjwa usiojulikana jina huleta madhara mawili. Madhara ya kwanza ni yale ya mwilini. Ya pili ni ya mdomoni. Nitaanza na hayo ya mdomoni.

KIJANA WA PLOTI YETU

Mwezi wa Januari mwaka 2007 nilikuwa bado mgeni katika kazi hii. Kulikuwa na kijana mmoja, jirani, aliyekuwa akiuza matumbo na miguu ya mbuzi. Alikuwa na mke na mtoto mdogo. Krismasi alikwenda kwao upande wa Baringo, akarudi mwaka mpya. Siku chache baadaye akashikwa na homa kali, kichwa, mgongo na viungo vyote.

Akaenda kliniki moja. Hata hawakumtoboa kidole, wakampa dawa za malaria. Homa haikusikia. Akaenda kliniki ya pili, akaambiwa ni taifodi, akapigwa sindano. Mwisho tukampeleka hospitali kubwa, nami nilikuwa pamoja naye. Walitoa damu, wakaandika karatasi, wakatuambia turudi baada ya wiki mbili. Tuliporudi, chupa ya damu haikuonekana. Mmoja akasema ilikaa kabatini bila barafu, mwingine akasema haikufika kabisa. Kufikia hapo homa ilikuwa imekwisha, lakini kijana alikuwa haoni vizuri. Jicho moja likawa na kiwingu katikati, hata leo halijapona.

Basi, ugonjwa ukakosa jina la hospitali, na watu wakaupa majina yao. Kwanza wakasema ni ukimwi. Alipopimwa na kukutwa hana, wakasema amerogwa. Na aliyetajwa ni mama mmoja mjane wa ploti ile ile, kwa sababu walikuwa wamegombana juu ya mahali pa kuweka kibanda cha sukuma. Hakupigwa, namshukuru Mungu, lakini hakuna aliyenunua mboga zake tena. Watoto walikatazwa kumsalimia. Baada ya mwezi mmoja akafunga vitu vyake akahama.

Miaka ilipita kabla sijamuuliza yule kijana swali moja dogo: "Krismasi ile nyumbani mlifanya nini?" Akaniambia mbuzi wa baba yake walikuwa wakitupa mimba usiku na mchana, kwamba yeye mwenyewe alizitoa mimba zile kwa mikono mitupu, na mbuzi mmoja aliyekuwa anakufa wakamwahi kwa kisu, akamchuna, wakamla. Ndugu zangu, nilinyamaza. Kliniki hazikumuuliza. Hospitali haikumuuliza. Na mimi niliyejiita mtu wa jamii sikumuuliza pia.

Siwezi kuwaambia kwamba ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa, kwa sababu damu yake haikupimwa. Ndiyo maana nimekuja leo.

UGONJWA ULIVYOPATA JINA

Mwaka 1930, katika shamba moja la kondoo karibu na ziwa Naivasha, wanakondoo walianza kufa kwa maelfu, na kondoo majike wakatupa mimba. Wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete walichunguza mizoga wakaona maini yameharibika. Wakachukua damu ya kondoo mgonjwa, wakaichuja katika chujio laini sana ambalo bakteria haiwezi kupita. Maji yaliyopita walipomdunga kondoo mzima, naye akaugua. Kwa njia hiyo wakajua kwamba kiini cha ugonjwa ni kidogo kuliko bakteria. Ni virusi.

Waliona na mambo mengine mawili. La kwanza, kondoo walipohamishwa kwenda nyanda za juu, vifo vilikoma, ndipo wakashuku mbu wa bondeni. La pili, wachungaji wa kondoo wale walikuwa nao wakiugua homa, na hata watu wa maabara wakaugua. Daubney, Hudson na Garnham waliandika habari hizo mwaka 1931, na jina la bonde letu likaingia katika vitabu vya dunia nzima. Baadaye, mwaka 1944, virusi hivyo vilipatikana ndani ya mbu wa porini katika msitu wa Semliki, Uganda. Mwaka 1977 ugonjwa ulilipuka Misri, na mwaka 2000 ukavuka bahari hadi Saudi Arabia na Yemen.

UNAVYOINGIA KWA MTU

Kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni mbu. Wako mbu wanaotaga mayai katika mabonde madogo yanayojaa maji wakati wa mvua kubwa. Mayai hayo yanaweza kukaa katika udongo mkavu kwa miaka mingi, na mengine yana virusi tayari, maana mama alimrithisha mtoto. Ikija mvua ya El Niño mayai yanaanguliwa, mbu wanauma ng'ombe, mbuzi na kondoo, kisha mbu wa aina nyingine wanachukua ugonjwa na kuusambaza. Ndiyo sababu homa hii hupotea miaka kadhaa, watu wakasahau, halafu ikarudi kama mgeni asiyebisha hodi.

Njia ya pili ni damu na majimaji ya mnyama mgonjwa: kuchinja, kuchuna, kumzalisha mnyama, kushika mimba iliyotoka. Watu wengi wanaougua hupitia njia hii. Maziwa mabichi nayo yanashukiwa. Kwa hiyo aliyelala ndani ya neti kila siku bado anaweza kuupata ugonjwa kwa kisu chake mwenyewe.

Mtu huanza kuugua siku 2 mpaka 6 baada ya kuambukizwa. Wengi hupata homa kama ya malaria au mafua makali, wakapona wenyewe. Wachache macho huharibika, wiki 1 hadi 3 baada ya homa kuanza. Wengine ubongo huvimba. Na wachache sana, chini ya mmoja katika mia, hutokwa na damu puani, kwenye fizi au wakatapika damu. Hao wa kutokwa na damu karibu nusu yao hufa.

MAABARA HUTAFUTA NINI

Sasa tusikilizane vizuri. Homa hii mwanzoni haina alama yake peke yake. Daktari akikutazama machoni hawezi kujua. Hadubini ya dispensari inaona vijidudu vya malaria, lakini virusi ni vidogo mno, haivioni. Kwa hiyo ukiambiwa "huna malaria", haina maana huna ugonjwa. Na ukiambiwa "unayo malaria", mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa mwizi aliyeingia bomani usiku. Ukifika mapema unamkuta mwizi mwenyewe. Ukichelewa, mwizi ameshatoroka, lakini unawakuta askari waliopigana naye bado wamesimama wakihema. Ukichelewa zaidi, askari wageni wameondoka, wamebaki wazee wa ulinzi ambao wanakumbuka tu kwamba mwaka fulani mwizi alipita hapa.

Damu ni hivyo hivyo. Siku za kwanza za homa, virusi vyenyewe vimo ndani ya damu. Kipimo cha PCR, kile tulichokizoea kwa jina wakati wa Korona, kinatafuta alama za virusi hivyo. Wakati wa Korona walichukua puani, hapa wanachukua damu. Lakini virusi havikai sana. Baada ya siku chache mwili unavifukuza, na PCR inaweza kusema "hakuna" wakati ugonjwa ulikuwepo.

Kuanzia karibu siku ya nne au ya tano, mwili unatoa askari wake, wanaoitwa kingamwili. Wale wa kwanza huitwa IgM. Hao wakipatikana, maabara inajua kwamba mtu ameambukizwa karibuni, maana hukaa kwa wiki kadhaa tu au miezi michache. Wale wa pili, IgG, ni kama wazee wa ulinzi. Hukaa miaka. Mtu akiwa na IgG peke yake, ameshawahi kuugua, lakini labda si homa hii ya leo.

Ndiyo sababu mtu wa maabara anauliza, "Homa ilianza siku gani?" Msimjibu, "Ni siku nyingi tu." Siku hiyo ndiyo inamwambia amtafute mwizi au awatafute askari. Na ndiyo sababu wakati mwingine wanaomba damu mara ya pili. Wasilaumiwe kwamba wanauza damu. Wanataka kuona kama askari waliokosekana jana wamefika leo.

Jambo jingine ni barafu. Chupa ya damu inatakiwa ikae katika baridi tangu inapotolewa mpaka inapofika, ikiwa imefungwa vizuri isivuje, na karatasi yenye jina, siku ya homa kuanza na habari za mifugo. Kipimo hiki hakifanywi katika kila dispensari. Damu husafirishwa mpaka maabara kubwa, kama ya KEMRI kule Nairobi, kwa sababu virusi hivi vinaweza kumwambukiza hata anayevipima. Safari ni ndefu, na chupa ikikosa baridi ushahidi unaoza njiani.

GARISSA, WAJIR NA BARINGO

Katikati ya Desemba 2006, baada ya mvua kubwa, watu walianza kufa Garissa kwa homa na kutokwa na damu. Kufikia tarehe 20 Desemba walikuwa wamekufa 11. Fikirini hofu ile. Wengine wangeweza kusema ni Ebola, watu wakakimbiana, maiti zikakosa wa kuzika. Lakini damu ya wagonjwa 19 wa kwanza ilipelekwa maabara. Wakatafuta Ebola, hakuna. Homa ya manjano, hakuna. Denge, hakuna. Homa ya Kongo na Crimea, hakuna. Wakatafuta Homa ya Bonde la Ufa, wakaikuta kwa watu 10 kati ya wale 19. Wengine walionekana kwa virusi vyenyewe, wengine kwa IgM.

Jina lilipopatikana, kazi ilijulikana. Kuchinja na kuhamisha mifugo kukazuiwa katika sehemu zilizoathirika, mifugo ikachanjwa, watu wakafundishwa. Hata hivyo ugonjwa ulikuwa umeshatembea mpaka Pwani na mpaka Baringo, ukaingia Somalia na Tanzania. Kenya peke yake iliandika wagonjwa zaidi ya 600, na zaidi ya 150 walifariki. Siku zile zile kijana wetu alikuwa amelala kwenye godoro hapa mtaani akimeza dawa za malaria.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilitufundisha jambo jingine. Baada ya mlipuko wa wakati ule, watafiti walipima damu za watu wa kawaida Garissa, wakakadiria kwamba watu kama 27,500 katika wilaya ile peke yake walikuwa wameambukizwa. Wengi wao hawakujua kamwe. Tunaowahesabu hospitalini ni moshi tu. Moto wenyewe uko vijijini.

Na mwezi wa Juni 2018 homa ilionekana Wajir, katika watu waliokula nyama ya mnyama mgonjwa. Damu ilifikishwa KEMRI haraka, na jibu likatoka ndani ya siku chache. Kwa hiyo inawezekana. Si jambo la Ulaya tu.

"KAMA HAKUNA DAWA, KUPIMA NI KWA NINI?"

Mzee mmoja aliniuliza swali hili kule nje kabla hatujaanza, na ni swali zuri. Ni kweli, hakuna dawa ya kuua virusi hivi, na hakuna chanjo ya watu inayotolewa hospitalini. Mgonjwa anasaidiwa kwa maji, kwa kushusha homa, kwa damu ikibidi. Basi tupimwe kwa nini?

Mzee wangu, nina majibu manne. Kwanza, mgonjwa mmoja akijulikana, kuchinja mifugo kule alikotoka kunaweza kuzuiwa. Jibu la damu ya mtu mmoja linaokoa kijiji. Pili, pesa. Yule kijana alilipa kliniki mbili kwa dawa za magonjwa ambayo hakuna aliyeyathibitisha. Tatu, daktari akijua, ataangalia macho na kichwa mapema, naye mgonjwa hatapewa aspirini, ambayo huongeza kutokwa na damu. Na nne, ukweli unazima uvumi. Mtu akijua ameugua kwa sababu ya mbuzi wa baba yake, hatamtafuta mjane wa ploti.

TUFANYE NINI SISI

Tusiende nyumbani na maneno matupu. Naomba tukubaliane haya.

1. Ukipata homa, nenda hospitali siku ya kwanza au ya pili. Usingoje dawa ya dukani ishindwe kwanza.

2. Sema habari zako zote hata kama hukuulizwa: "Nilichinja. Nilichuna. Nilikwenda kwetu, mbuzi walikuwa wanatupa mimba. Nilikunywa maziwa mabichi." Wauzaji wa nyama, supu na matumbo, na vijana wa kichinjio, nyinyi semeni kazi yenu. Si aibu.

3. Mhudumu wa afya wa mtaa amuulize kila mwenye homa maswali mawili: homa ilianza lini, na umegusa mnyama gani. Ayaandike kwenye karatasi, mgonjwa aibebe.

4. Mifugo ikitupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa, mwambie afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Hapa Nakuru kuna maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo. Mara nyingi mbuzi hutuonya kabla ya watu kuugua. Usishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, wala usiwatupie mbwa.

5. Kununua nyama, tafuta mhuri wa mkaguzi. Nyama ya bei rahisi isiyo na mhuri inaweza kuwa ya mnyama aliyewahiwa kwa kisu. Ipike iive vizuri, na maziwa yachemke.

6. Msimkimbie mgonjwa. Haijaonekana homa hii ikitoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Anayegusa damu yake avae glavu, basi. Mpelekeeni uji, mkae naye.

7. Damu ikitolewa, uliza kwa upole: "Inapelekwa wapi? Itawekwa kwenye baridi? Jibu nitalipata kwa nani, siku gani?" Andika jina la ofisi. Hiyo ni haki yako. Usipojibiwa, njoo kwetu tufuatilie pamoja. Mimi sikuuliza mwaka ule, na chupa ilipotea mbele ya macho yangu.

Juzi tu tumeona mvua za mwisho wa 2023 na za 2024, na wenzetu wa Mai Mahiu walivyochukuliwa na maji usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Maziwa ya bonde letu yamepanda, yameingia mashambani na majumbani. Maji yakija, mbu wanakuja. Mvua nyingine itakuja, hilo halina shaka. Swali ni kama itatukuta tumejiandaa.

Nimalizie na yule mama mjane. Nilimtafuta nikamkuta upande mwingine wa mji, bado anauza sukuma. Nilimweleza habari za mbuzi wa Krismasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mafungu yake ya mboga polepole, kisha akasema, "Mwanangu, kumbe ilikuwa ni damu tu kuwekwa kwenye barafu." Hakusema zaidi. Nami sikuwa na la kumjibu.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika mtaa wetu kuna mtu aliyeugua bila ugonjwa kujulikana? Tulisema nini juu yake? Kuna aliyelaumiwa?

2. Nani katika jumuiya yetu anashika damu au nyama mbichi kila siku? Tumewahi kuzungumza naye juu ya homa hii?

3. Nani atawasiliana na afisa wa mifugo, na nani atafuatilia majibu ya damu hospitalini kwa niaba ya wagonjwa wasio na mtu? Chagueni leo, mwandike majina yao.